Programu huria: kode isiyo na mtunzaji iondolewe, lakini watumiaji waambiwe mapema

Mwezi wa tisa 2025, mradi wa GNOME ulitoa toleo lake la 49. GNOME ndiyo inayotengeneza madirisha, vibonyezo na menyu ambavyo watu wengi wanaviona kila siku kwenye kompyuta za Linux. Ndani ya toleo hilo kulikuwa badiliko moja lililoleta makelele: njia ya zamani ya kuonyesha madirisha hayo, inayoitwa X11, ilizimwa, na mradi ukatangaza kwamba kode yake itaondolewa kabisa katika toleo la 50. Mwezi uliofuata, Ubuntu 25.10 ikashika njia ileile. Mbele ya mwaka kuisha, KDE, mradi mwingine mkubwa wa namna hiyo, nao ukatangaza kwamba Plasma 6.8 haitakuja tena na X11.

Watu wengi duniani walikasirika. Swali lao ni rahisi: kwa nini kutupa kitu ambacho kingali kinafanya kazi? Swali hilo ni la haki, na linatugusa sisi wa mashariki ya Kongo, ambako kompyuta moja inapita mikono mitatu ao mine mbele ya kufa, na ambako mtu akisha kuzoea programu fulani hapendi kuanza masomo upya.

Maoni yangu ni haya. Mradi wa programu huria una haki, tena una wajibu, wa kuondoa kode ambayo hakuna mtu anayeitunza. Lakini haki hiyo inakuja na deni: kuambia watumiaji mapema, kuwapa muda wa kuhama, na kuhakikisha kwamba kazi zao za zamani hazipotei. Sisi watumiaji nasi tuna deni letu, na hilo ndilo tunalozungumuzia kidogo sana.

Sura na injini

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Kila programu ina injini na sura. Injini inapiga hesabu, inapanga habari, inatuma ujumbe. Sura ni ile unayoiona: dirisha linalofunguka, menyu unayoshusha, kibonyezo unachobofya. Zote mbili zimeandikwa na watu, mstari kwa mstari, na maandishi hayo ndiyo mafundi wanaita kode.

Katika programu za kufungwa, kama Windows, kode ni siri ya kampuni. Katika programu huria kode iko wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Uwazi huo unafanya watu wengi wafikiri kwamba kitu cha wote kinatunzwa na wote. Kwa kweli, sehemu nyingi za programu hizo zinashikwa na mtu mmoja, wawili ao watatu, na mara nyingi wanafanya kazi hiyo usiku, nyuma ya kazi inayowapa mkate.

Mtu huyo akipata mtoto, akigonjwa, akibadilisha kazi ao akichoka tu, sehemu yake inabaki bila mwenyewe. Kode haiozi kama muhogo, hilo ni kweli. Lakini vitu vinavyoizunguka vinabadilika: kompyuta mpya, skrini mpya, programu zingine ambazo inategemea. Siku moja inafunguka vibaya. Siku nyingine haifunguki kabisa. Na sura ndiyo sehemu inayochakaa haraka kuliko injini, kwa sababu inagusana moja kwa moja na vioo, kadi za picha na mazoea ya watu.

Mzee wa tangu wakati wa Zaire

X11 ni mfano muzuri. X ilianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, kule Marekani, na toleo la 11 lilitoka 1987. Wakati huo inchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Kwa miaka mingi, karibu kila dirisha lililofunguka kwenye kompyuta ya Linux lilipitia mlango wa X11. Ni kazi kubwa sana, na waliyoiandika wanastahili heshima.

Lakini X11 ilizaliwa katika mazingira ambako programu zote kwenye kompyuta ziliaminiwa. Kwa hiyo ndani yake programu moja inaweza kusoma herufi ambazo unaandika katika programu nyingine. Fikiria wakala wa kutuma feza ambaye anaandika neno lake la siri katika dirisha moja, huku muchezo ambao mtoto wake ameweka kwenye kompyuta ileile unasikiliza kimya kimya. Hilo si kosa ambalo unaweza kuziba kwa kiraka. Ndivyo nyumba yenyewe ilivyojengwa.

Ndiyo maana mwaka 2008 fundi Kristian Høgsberg alianzisha Wayland, njia mpya ambayo inaweka ukuta kati ya programu na programu. Jambo ambalo wenye hasira wanasahau ni hili: wengi kati ya waliojenga Wayland ni walewale waliokuwa wanatunza X kwa miaka mingi. Hawakuwa wageni waliokuja kubomoa nyumba ya wengine. Walikuwa wanaishi ndani, na walijua ni wapi maji yanapita.

Kwa nini usiiache tu ikae?

Hapa ndipo watu wengi wananipinga. Wanasema: sawa, jenga mpya, lakini ile ya zamani inakula nini? Iache kwenye kona.

Kwanza, kode ya zamani inaficha matundu. Mwezi wa kwanza 2014, watunzaji wa X walitangaza kosa la usalama katika sehemu inayosoma faili za maumbo ya herufi. Walipotafuta ni lini kosa hilo liliingia, walikuta ni 1991. Zaidi ya miaka 22 lilikuwa pale, katika kompyuta za mabenki, za vyuo na za serkali, na hakuna aliyeliona. Lilionekana tu wakati chombo cha kuchunguza kode kilipopitishwa juu ya maandishi hayo. Kode ambayo hakuna anayeisoma ni kama stoo ambayo hakuna anayeifungua: hujui ni nyoka gani amelala ndani.

Pili, kode ya zamani ni mzigo kwa wale wachache waliobaki. Mradi wenye sura mbili unafanya kila kazi mara mbili. Ukiongeza kibonyezo, unakiongeza pande mbili. Ukirekebisha kosa, unalirekebisha pande mbili, na unajaribu pande mbili. Katika kampuni kubwa hilo linawezekana. Katika mradi wa watu watano, maana yake ni kwamba hakuna upande hata mmoja utakaofanywa vizuri.

Angalia GIMP, programu huria ya kutengeneza picha. Sura yake inajengwa juu ya vifaa vinavyoitwa GTK, ambavyo vilizaliwa ndani ya GIMP yenyewe. Wakati GTK 4 ilipotoka, mwezi wa kumi na mbili 2020, GTK 2 iliachwa bila matunzo. Lakini GIMP ilikuwa ingali imesimama juu ya GTK 2, na iliweza kuhamia GTK 3 mwezi wa tatu 2025 tu, katika toleo lake la 3.0. Kwa zaidi ya miaka mine programu maarufu hivyo ilikaa juu ya msingi usiotunzwa, kwa sababu mikono ya kufanya kazi ya kuhama ilikuwa michache.

Tatu, mtunzaji aliyechoka ni hatari kwa wote. Mwaka 2024 dunia iligundua mlango wa siri katika xz, programu ndogo ya kubana faili ambayo iko karibu katika kila Linux. Ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyelemewa. Mtu mwingine, kwa jina la bandia, alikuja kumsaidia, akajenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akaingiza sumu. Hiyo haikuwa kode ya sura, lakini fundisho linafaa kwetu: kila kitu ambacho tunalazimisha watu wachache kuendelea kubeba kinawatoa nguvu ya kulinda mlango.

Namna nzuri ya kuzika: Wireshark

Kuondoa ni kazi, na kuna namna nzuri ya kuifanya. Mafundi wa rezo wanajua Wireshark, programu inayowaonyesha data zinazopita kwenye waya ao hewani. Gerald Combs aliianzisha mwaka 1998 kwa jina la Ethereal. Jina la Wireshark lilikuja 2006. Kwa miaka mingi sura yake ilijengwa juu ya GTK. Kwenye kompyuta za Mac sura hiyo ilisumbua sana, na timu ikaamua kuijenga upya kwa vifaa vingine vinavyoitwa Qt.

Mwaka 2013 Combs alieleza watu waziwazi kwamba wanahama, na kwa sababu gani. Mwezi wa kumi na moja 2015, toleo la 2.0 likatoka na sura mpya. Lakini ile ya zamani haikutupwa siku hiyo. Ilibaki pembeni, na aliyeihitaji aliweza kuiweka na kuendelea na kazi. Sura mbili ziliishi pamoja kwa zaidi ya miaka mitatu. Ni mwezi wa pili 2019 tu, katika toleo la 3.0, ndipo kode ya GTK ilipoondolewa kabisa.

Angalia vizuri kile ambacho hakikuguswa: injini. Faili ambazo fundi aliziweka mwaka 2010 ziliendelea kufunguka katika sura mpya. Mtu alipoteza mazoea ya macho na vidole, lakini hakupoteza kazi yake. Huo ndio mpaka ambao mradi wowote haupaswi kuuvuka. Kubadilisha mlango wa nyumba ni jambo moja. Kufungia vitu vya mpangaji ndani ni jambo lingine.

Waliokataa wakatuma watu

Kuna pia namna mbaya, ao tuseme ya haraka. Mwezi wa ine 2011 GNOME ilileta toleo la 3, lenye sura tofauti kabisa, na GNOME 2 ikaachwa. Mtu alifanya upya kompyuta yake usiku, asubuhi akakuta fasi ya menyu yake hakuna kitu. Hata Linus Torvalds, mwenye kuanzisha Linux, alilalamika mbele ya watu na akahamia Xfce kwa wakati fulani.

Lakini ni kitu gani kilifuata? Mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua kode ya GNOME 2, ambayo ilikuwa wazi kwa wote, akaanza kuitunza kwa jina la MATE. Wengine wakamfuata. Leo, miaka zaidi ya 10 imepita, MATE ingali hai, na ni moja ya sura zinazofaa kompyuta za zamani zisizo na nguvu nyingi. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Walikuja na majembe yao.

Na jambo la kufurahisha zaidi: mwaka 2017, MATE wenyewe waliondoa GTK 2 katika kode yao wakahamia GTK 3. Wale waliokuwa wanatetea ya zamani waligundua kwamba kuitunza ni kuibadilisha pia. Sura ya nje ilibaki ileile ambayo watu wanaipenda. Misumari ya ndani ikabadilishwa.

Sisi Wakongomani tunaelewa jambo hilo kupitia neno moja: salongo. Siku ya salongo, mtaro wa avenue unasafishwa na wale waliokuja na majembe. Aliyebaki nyumbani anaweza kukasirika kwamba mtaro wa mbele ya mlango wake haukusafishwa, lakini hawezi kusema wengine wamemuibia. Programu huria ni salongo ya dunia nzima. Kode inaondolewa pale ambapo hakuna aliyekuja. Ukitaka ibaki, njia ya uhakika ni kutuma mtu.

Jambo hili liko tayari kwetu

Wengine watasema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapana. Chukua DHIS2, programu huria inayoongozwa na chuo kikuu cha Oslo, kule Norwe, na ambayo mizizi yake ni Afrika ya Kusini nyuma ya ubaguzi wa rangi kuisha. Ndiyo inayobeba SNIS, mfumo wa taifa wa habari za afya wa inchi yetu. Ripoti za kituo cha afya, hesabu ya malaria, ya chanjo, ya akina mama waliojifungua, zinafika kwenye biro ya zone ya afya na kuingizwa katika DHIS2.

Sasa, DHIS2 inahudumia matoleo yake matatu ya mwisho tu. Inchi inayokaa nyuma zaidi ya hapo haipati tena viraka vya usalama. Na ndani ya matoleo hayo, sura zinabadilika: ile ya zamani ya kufuata mgonjwa mmoja mmoja, Tracker Capture, imewekwa katika hesabu ya vitu vya kuachwa, na watumiaji wanaombwa kuhamia sura mpya inayoitwa Capture. Muganga aliyefundishwa kwenye sura ya zamani, kwa seminari ya siku mbili iliyolipwa na mfadhili, atakuta siku moja vibonyezo vimehama. Asipofundishwa tena, ataandika hesabu fasi isiyo yake, ao ataacha kuandika. Na hesabu ya kolera ao ya surua ikikosewa, chanjo na dawa zitaenda fasi nyingine.

Mashirika ya misaada nayo yanakusanya habari kwa KoboToolbox, programu huria iliyozaliwa kutokana na kazi ya watafiti wa Harvard, waliofanya uchunguzi kaskazini ya Uganda na hapa mashariki ya Kongo. Kobo imejengwa juu ya ODK, iliyoanzia chuo kikuu cha Washington mwaka 2008. ODK yenyewe imekwisha kustaafisha programu yake ya kwanza ya kupokea data, Aggregate, na kuweka Central fasi yake. Shirika ambalo lingali na Aggregate katika kompyuta moja chini ya meza, iliyowekwa na fundi ambaye alikwisha kwenda zake, linakaa juu ya majina na namba za simu za watu waliokimbia vita, bila kufuli inayotunzwa.

Kwa hiyo swali si kama sura za zamani zitaondolewa. Zitaondolewa. Swali ni kama tutakuwa tumejitayarisha, ao tutalijua siku ambayo skrini itabaki nyeupe.

Sauti za wanaoumia

Sitaki kuficha upande mwingine. Kuna watu ambao kwao badiliko hili si suala la mazoea. Vipofu wanatumia programu inayowasomea skrini kwa sauti, na wengi wao wamesema wazi kwamba njia mpya za Wayland hazijafikia zile za X11 katika kila jambo. Kuna wenye ulemavu wa mikono wanaoendesha kompyuta kwa vifaa maalumu. Ukuta ambao Wayland inaweka kati ya programu na programu, ule ule unaotulinda na mwizi, unaweza pia kuzuia chombo cha kumsaidia kipofu. Mtu huyo hawezi kuambiwa eti atajizoesha.

Kuna pia maskini. Kompyuta ya mkono wa pili yenye kadi ya picha ya zamani inaweza kusumbuka kwenye njia mpya. Mwenye nayo hana feza za kununua nyingine, na hata kushusha toleo jipya ni mega nyingi ambazo anazilipa kwa franga zake, wakati umeme wenyewe unaenda na kurudi.

Na kumwambia mtu kama huyo "tuma mtu" kunaweza kusikika kama dharau. Mama anayeuza vitenge na kuandika madeni ya wateja katika kompyuta ndogo hatakuwa fundi wa kode. Ninakubali. Ndiyo maana ninasema deni la mradi linakuja kwanza, na ninaliweka katika mambo mane.

Tarehe itangazwe mapema, angalau mwaka mmoja mbele, ndani ya programu yenyewe, pale mtumiaji anapoona. Ya zamani na mpya ziishi pamoja kwa muda wa kutosha, kama Wireshark ilivyofanya. Kazi za zamani, faili na data, zifunguke katika sura mpya bila mtu kulipa. Na kazi ya kuondoa isikamilike mpaka wale walio wanyonge zaidi, vipofu kwanza, wawe wamepata njia ya kufanya kazi yao.

Mradi ukilipa madeni hayo mane, mimi sitausuta kwa kufuta kode.

Tuwe wa haki pia kwa GNOME na wengine: programu za zamani zilizoandikwa kwa ajili ya X11 hazikufa. Kuna daraja linaloitwa Xwayland ambalo linaziruhusu kufunguka ndani ya njia mpya. Na aliye na kompyuta inayohitaji X11 anaweza kubaki kwenye Ubuntu 24.04, ambayo inapata viraka mpaka mwaka 2029. Linganisha na Windows 10, ambayo Microsoft ilifunga hesabu yake tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Pale hakuna mtu wa Argentina anayeweza kuchukua kode na kuendelea nayo. Mlango una ufunguo mmoja, na uko kwa kampuni.

Sura kwa lugha yetu ilikufa namna gani

Tunalo tayari fundisho la karibu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ukiwa na chuo kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika barua na kupiga hesabu ambayo menyu zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika, kuhifadhi na kuchapa bila kusoma neno moja la Kiingereza. Lilikuwa jambo la kujivunia.

Lakini OpenOffice iliendelea mbele. Kila toleo jipya lilileta menyu mpya na maneno mapya ya kutafsiri, na tafsiri ya Kiswahili haikufuata kwa mwendo uleule. Hakuna adui aliyeifuta. Mradi ulikuwa na mwanzo mkubwa, haukuwa na watunzaji wa miaka mingi. Ndivyo sura ya programu kwa lugha ya mamilioni ya watu inavyoweza kurudi kuwa kumbukumbu.

Kwa hiyo tunapolalamika kwamba mafundi wa mbali wanaamua juu ya skrini zetu, tujiulize ni nani kutoka Lubumbashi, Kisangani, Bukavu ao Goma alikuwepo wakati wa kuamua. Maamuzi hayo yanachukuliwa waziwazi. Mtu yeyote anaweza kusoma mazungumzo yao na kuandika. Kiti chetu hakikukaliwa na mwingine, kiko kitupu.

Tufanye nini

Kazi ya kutunza haihitaji wote wawe mafundi wa kode. Kuripoti kosa vizuri ni kazi: sema ni toleo gani, ulibofya wapi, ulitegemea nini, na nini kilitokea. Kujaribu toleo jipya mbele halijatoka ni kazi, na kompyuta zetu za zamani zina faida hapo, kwa sababu mafundi wengi hawana kama hizo na hawajui zinavyosumbuka. Kutafsiri menyu ni kazi. Kuandika maelezo mafupi kwa Kiswahili chetu ni kazi.

Vyuo vyetu vikuu vinatoa kila mwaka vijana waliosoma mambo ya kompyuta, na wengi wanaandika tefe juu ya programu ndogo ambayo hakuna mtu ataifungua tena nyuma ya siku ya kutetea. Kwa nini mwalimu asimpe mwanafunzi kazi ya kuchukua sehemu moja ya programu huria ambayo haina mtunzaji, aitengeneze, na kazi yake ikubaliwe na mradi wenyewe? Angetoka chuoni na jina linalojulikana mbali kuliko avenue yake.

Wizara ya afya na wafadhili wake nao waandike katika kila mkataba wa programu mistari miwili: nani atalipa mafunzo siku sura itakapobadilika, na nani atafuata tangazo za mradi. Shirika lenye kukusanya data za watu liweke mtu mmoja mwenye jukumu la kujua ni toleo gani linatumika, na litakoma lini.

Na wewe msomaji, ukiwa na Ubuntu, fungua mipangilio ya kompyuta yako, kwenye fasi inayoeleza habari za mfumo, uangalie kama unatumia X11 ao Wayland. Kama ni X11, jaribu ile nyingine wiki hii, wakati zote mbili zingali zimo. Kitu kisipofanya kazi, kiandike na ukitume kwa mradi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mafundi wachache wa Oslo, wa Kansas ao wa Buenos Aires hawatajua tatizo la kompyuta ya Uvira ikiwa Uvira haijasema.